Ugonjwa wa Horton: maumivu yanaporudi wakati kortizoni inashushwa

Madaktari waliosoma kwa Kifaransa huuita ugonjwa wa Horton, kwa jina la Bayard Horton, daktari wa Mayo Clinic huko Marekani aliyeueleza mwaka 1932. Jina lake lingine ni arteriti ya seli kubwa. Kuta za mishipa inayopeleka damu kichwani na machoni huvimba, njia ya damu huwa nyembamba, na jicho linaweza kufa kwa kukosa damu. Hushika watu waliopita miaka 50, hasa waliofika 70, na wanawake kuliko wanaume. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini; kwa Waafrika ni nadra. Lakini nadra si kusema haupo, na kwetu kichwa cha mzee kikiuma hupewa kwanza jina la malaria au presha, majuma yakapita.

Dalili zake zinajulikana. Maumivu mapya hukaa kwenye panja, kati ya jicho na sikio. Kuchana nywele au kufunga kitambaa kunauma. Taya linauma mtu anapotafuna, akipumzika linatulia. Wengine hukazana mabega na nyonga asubuhi.

Dawa yake ni prednisoloni, ya jamii ya kortizoni. Mara nyingi huanza na miligramu 40 hadi 60 kwa siku, yaani vidonge 8 hadi 12 vya miligramu 5. Nafuu huja ndani ya siku chache, na hapo ndipo hatari inapoanza: mama amelala vizuri, ushuhuda umetolewa Jumapili, vidonge vimewekwa kando. Tusome tena 2 Wafalme 20. Isaya aliyemletea Hezekia ahadi ya kupona ndiye aliyeagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ahadi haikuondoa dawa.

Dozi hushushwa polepole. Madaktari wengi hulenga miligramu 15 hadi 20 baada ya miezi 2 au 3, na 5 au chini yake mwaka unapotimia. Katika safari hiyo karibu nusu ya wagonjwa huona ugonjwa ukirudi. Si dhambi, wala si upungufu wa imani, na mchungaji asiruhusu mtu aambiwe hivyo.

Mwili uliozoea kortizoni nao hulalamika dozi ikishuka: uchovu, viungo kuuma. Kutofautisha hayo na ugonjwa wenyewe ni kazi ya daktari. Kipimo cha damu kiitwacho VS husaidia, nacho hufanyika hata katika hospitali ndogo, kwa sababu ni damu iliyosimamishwa ndani ya mrija kwa saa moja. Ila malaria, kifua kikuu na upungufu wa damu hukipandisha pia, kwa hiyo namba peke yake haitoshi.

Likirudi panja tu, mara nyingi daktari humrudisha mgonjwa kwenye dozi ya mwisho iliyomtuliza. Jicho likififia au kuona viwili, hata kwa dakika chache kisha likawa sawa, au taya likianza tena kuuma, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Maombi yaendelee njiani. Dozi kubwa huanzishwa upya, kwa kuwa jicho lililokwisha kupofuka kwa kawaida halirudi, na la pili linaweza kulifuata baada ya siku chache. Ipo pia tosilizumabu, iliyokubaliwa kwa ugonjwa huu mwaka 2017, lakini bei yake iko mbali sana na mifuko yetu. Metotreksati ni rahisi zaidi, ingawa nguvu yake ni ya wastani.

Kuacha ghafula ni hatari ya pili. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza kortizoni ya mwili wenyewe. Vidonge vikitumika kwa majuma mengi, tezi hizo hulala. Mtu akiacha kwa siku moja anaweza kulegea, kutapika, presha ikaanguka, hata akafa. Kwa hiyo anayetumia prednisoloni asiruke vidonge kwa ajili ya mfungo. Afadhali mchungaji amwambie mwenyewe kabla hajauliza. Anayetapika dawa anahitaji sindano, asingoje kesho.

Dawa hii huleta pia sukari, presha na mifupa dhaifu, na huweza kuamsha kifua kikuu. Kuna minyoo midogo ya udongoni, strongiloidi, inayoweza kusambaa mwilini chini ya kortizoni; mkumbushe daktari kuifikiria, maana ivermektini huitibu.

Kwenye farmasi soma sanduku. Kuna vidonge vya miligramu 5 na vya 20. Usikubali deksametazoni kwa maneno ya "zote ni kortizoni": miligramu 0.75 yake ina nguvu ya karibu miligramu 5 za prednisoloni.

Na kwa kuwa wengi wetu tumekwisha kukimbia usiku, vidonge vya majuma mawili, pamoja na karatasi yenye dozi ya leo na tarehe ya kushusha, vikae kwenye mfuko ule ule wa kadi ya uchaguzi.