Kiungo cha Taya Baada ya Ajali ya Barabarani: Dalili Ambazo Mwananchi Hapaswi Kuzipuuza

Majeruhi wa ajali ya gari au pikipiki hukaguliwa kichwa, kifua, mikono na miguu. Taya husahaulika, hasa pale anapoweza kuzungumza.

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya sikio, mahali ambapo taya la chini hukutana na fuvu. Kidevu kinapogonga usukani au lami, nguvu ya pigo husafiri hadi kwenye kiungo hicho. Hivyo, mtu aliyechanika kidevu tu anaweza kuwa amevunjika taya karibu na sikio pasipo jeraha kuonekana hapo.

Dalili huweza kuchelewa kwa siku kadhaa: maumivu ambayo wengi huyadhania kuwa ya sikio, mlio wakati wa kutafuna, meno kutokutana kama awali, au kinywa kufunguka kwa kwenda upande. Kwa kawaida, mtu mzima huweza kupitisha vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele. Akishindwa, akamwone daktari.

Kwa mtoto, hatari ni kubwa zaidi. Kiungo kilichoumia kisipofanyishwa mazoezi, mfupa unaweza kuota na kuliunganisha taya na fuvu. Baada ya miezi au miaka mtoto hushindwa kufungua kinywa, na kidevu chake hudumaa, kwa kuwa ukuaji wa taya hutegemea pia kiungo hicho. Hapo tiba huwa upasuaji mkubwa. Kumfunga mtoto taya kwa kitambaa kwa wiki nyingi, ingawa hufanywa kwa nia njema, huongeza hatari hiyo.

Wagonjwa wengi hupona bila upasuaji, kwa vyakula laini, dawa za maumivu na mazoezi yanayoelekezwa na mtaalamu. Mkazi wa Mpapura aanzie kituo cha tiba kilicho karibu, ambako akihitaji atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula.

Ni muhimu pia maumivu ya taya yaandikwe katika fomu ya polisi, PF3, na katika faili la hospitali. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria kwa vyombo vya moto, lakini dai la fidia kwa jeraha ambalo halikuandikwa popote ni gumu kulithibitisha.

Kwa waendesha bodaboda na abiria wao, kofia ngumu iliyo wazi mbele hukinga fuvu, lakini haikingi kidevu.