Pure Data: Programu ya sauti inavyoyakata maneno

WENGI wanaojifunza Pure Data, programu ya bure ya kutengeneza sauti kwa kompyuta, huifuata kwa ajili ya muziki na hawana habari na maandishi. Lakini mradi ukikua kidogo, maandishi hujileta yenyewe: majina ya faili za sauti, namba za tiketi za wageni kwenye maonyesho, ujumbe unaotoka kwenye kompyuta nyingine. Hapo ndipo kazi huharibika, na mara nyingi programu haitoi onyo lolote.

Pure Data iliandikwa na Miller Puckette katikati ya miaka ya 1990, akiwa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, alikuwa ameanzisha programu ya Max katika taasisi ya IRCAM mjini Paris. Jina hilo ni heshima kwa Max Mathews, aliyeifanya kompyuta ipige muziki mwaka 1957. Katika programu zote mbili mtumiaji huchora visanduku na kuviunganisha kwa nyaya, badala ya kuandika mistari ya amri. Sauti na ujumbe hupita humo kama maji kwenye mabomba.

Ujumbe wenyewe hukatwa vipande, na kila kipande ni ama namba ama simboli, yaani neno moja. Kinachovitenganisha ni nafasi tupu. Kwa hiyo “Habari za asubuhi” kwa Pure Data ni simboli tatu zilizopangwa mstari, wala si sentensi. Ukiandika “Karibu, mgeni” kwenye kisanduku cha ujumbe, mkato hugawa maneno hayo kuwa jumbe mbili zinazotoka moja baada ya nyingine. Nukta mkato ina makali zaidi: kinachoifuata huchukuliwa kuwa jina la mpokeaji. Anayetaka alama hizo zibaki kama maandishi hana budi kuzitanguliza kwa alama ya \.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye namba. Tuchukue tiketi yenye namba 0020250417 iliyosomwa kutoka kwenye faili. Kwa kuwa kipande hicho kinafanana na namba, programu hukifanya namba, na sifuri mbili za mwanzo hupotea. Tena toleo la kawaida huhifadhi namba kwa biti 32, ambazo haziwezi kushika kila namba nzima inayozidi 16,777,216. Tiketi yetu hugeuka kuwa 20250416, yaani tiketi ya mtu mwingine! Dawa yake ni rahisi mno: tanguliza herufi. T0020250417 ni simboli, na hupita salama.

Kwa majina ya faili, kisanduku cha “makefilename” kinatosha. Kikiandikwa “sauti%d.wav” na kupewa namba 3, hutoa sauti3.wav, ambayo hupelekwa kwenye kisanduku kinachofungua faili.

Anayetaka kuingia ndani ya neno lenyewe, kuhesabu herufi au kukata kiambishi, atumie “list fromsymbol”. Hiki huvunja simboli kuwa orodha ya namba za herufi. Neno ng'ombe huwa 110, 103, 39, 111, 109, 98, 101, ambapo 39 ni ile ritifaa. Wanaoandika Kiswahili wana nafuu hapa, kwani herufi zetu zote ziko ndani ya mpangilio wa kale wa ASCII, kila moja kwa namba moja. Baada ya hapo “list split” hukata orodha, na “list tosymbol” huirudisha kuwa neno.

Ubahili huu una sababu. Sauti hutengenezwa kwa mafungu ya sampuli 64, yaani kila baada ya takriban milisekunde 1.5 kwa kasi ya kawaida ya sampuli 44,100 kwa sekunde. Kazi nyingine ikichelewesha fungu, msikilizaji husikia mkwaruzo. Kwa hiyo kila simboli huandikwa mara moja tu katika jedwali la kumbukumbu, na kulinganisha maneno mawili ni kulinganisha mahali yalipo, jambo la haraka sana.

Gharama yake ni kwamba jedwali hilo halifutwi mpaka programu ifungwe. Kwa onyesho la saa mbili si neno. Lakini mtambo wa makumbusho unaounda kila sekunde jina jipya lenye tarehe na saa huongeza simboli 86,400 kwa siku, zaidi ya milioni mbili na nusu kwa mwezi. Kumbukumbu huvimba, na kutafuta neno katika jedwali huzidi kuwa kuzito.

Katika mradi wa namna hiyo, maandishi yabaki orodha ya namba mpaka hatua ya mwisho, na simboli ziundwe pale tu zinapohitajika. Iwapo maandishi ni mengi, ni afadhali yachambuliwe nje, kwa lugha kama Python, kisha Pure Data ipelekewe matokeo kwa njia ya mtandao kupitia kisanduku cha “netreceive”. Namba za tiketi nazo zipewe herufi yake ya mwanzo huko huko nje, kabla hazijaingia.