Akeri, 1896: Waliopigana Walikuwa Majirani

Katika vitabu vya Kanisa, vya shule na vya wageni wanaokuja kupanda Mlima Meru, habari ni ileile: mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Akeri, Wajerumani wakaja kulipiza kisasi. Basi, imekwisha. Sisi wa mlima huu tumeizoea mno habari hiyo, na inaniudhi, kwa sababu inawaficha karibu watu wote waliopigana. Wajerumani waliokuwapo walikuwa wa kuhesabika. Walioshika mikuki na bunduki, pande zote, walikuwa Waafrika, na wengi wao walikuwa jamaa.

Asili ya watu wa hapa inajulikana. Koo za Wameru nyingine zilitoka Usambara, nyingine Kilimanjaro, na lugha yao haiko mbali na Kimachame. Waarusha walipanda kutoka Arusha Chini mnamo miaka ya 1830, wakisema Kimaasai huku wakilima migomba. Walipigana na Wameru, wakatekana, wakaoana. Kufikia miaka ya 1880 vijana wa makabila yote mawili walikuwa rika moja, Talala, na pamoja walivamia Uchaggani kuteka ng'ombe na wanawake.

Ndipo, Oktoba 1896, wakaja Ewald Ovir na Karl Segebrock wa Misheni ya Leipzig. Walitokea Kilimanjaro pamoja na Wachagga wao, wakapiga hema Akeri. Jirani tu alikuwa amepiga kambi Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa boma la Moshi, na askari wake. Wanaofuata maandishi ya misheni hushangaa kwa nini wahubiri wasio na silaha waliuawa. Mimi sioni la kushangaza. Moran wa Talala aliona Wazungu waliotokea upande mmoja, wakati mmoja, wakiongozana na watu wa mlima ambao yeye huenda kuuvamia. Nani angemwambia kwamba kambi hii ni ya Injili na ile ni ya serikali? Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliwaua wamisionari hao na Wachagga waliofuatana nao, kisha wakaigeukia kambi ya Johannes. Huko risasi ziliwarudisha.

Kabla mwezi haujaisha Johannes alikuja tena, na nyuma yake Wachagga kwa maelfu. Hapa ndipo waandishi wanapokimbia, na hapa ndipo mimi nataka tusimame. Askari wa Kijerumani wa siku zile, ambao kiini chao kilikuwa Wasudani walioandikishwa Misri mwaka 1889, walibeba Mauser ya mwaka 1871. Ni bunduki ya risasi moja moja, na baruti yake hutoa moshi mzito mweupe. Ngao ya ngozi inazuia mkuki. Risasi ile haizuii. Lakini katika migomba iliyosongamana askari haoni mbali, na moshi wake mwenyewe unamziba macho. Mtu wa kuingia humo, anayejua mifereji inakopita na nyumba zinakojificha, ni aliyelelewa kwenye migomba kama hiyohiyo. Huyo ni Mchagga. Kwa hiyo moran alikutana na adui aliyeijua vita ya kihamba, yaani shamba la migomba, sawasawa na yeye, na ambaye pengine alisikia matusi yake bila mkalimani.

Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, migomba ikafyekwa. Sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe wengi mwanzoni mwa muongo ule, na chipukizi la mgomba huchukua mwaka na zaidi kabla ya kuzaa. Kufyeka shamba ni kuwaua kwa njaa watoto wa mwakani. Wanawake walichukuliwa kwenda Kilimanjaro, na miongoni mwao walikuwamo Wachagga ambao Talala walikuwa wamewateka zamani. Hao walikuwa wake na mama wa watu Meru na Arusha. Kuwaita waliokombolewa tu, au waliotekwa tu, ni kuwadhulumu mara ya pili.

Wala simlaumu Mchagga kirahisi. Moshi ya Mangi Meli ilikuwa imevunjwa na Wajerumani hao hao mwaka 1893, miaka mitatu tu nyuma. Aliyeshindwa jana aliitwa leo kumshinda jirani yake, akiwa na kisasi chake halali juu ya Talala. Na mwisho wa viongozi wa pande zote ulikuwa mmoja: tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga Meli, Molelia wa Kibosho na wenzao, pamoja na viongozi wa Meru na Arusha, siku moja huko Moshi.

Mwaka huo huo boma la Arusha lilikamilika kwa jasho la Waarusha na Wameru. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Misheni ilirudi, Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Baadaye yakaja mashamba ya walowezi, na kesi ya ardhi ya Wameru iliyompeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Makaburi ya Ovir na Segebrock yanatunzwa Akeri, na ni haki yao. Kwa Talala, na kwa Wachagga waliokufa ndani ya migomba ile, sijaona hata jiwe. Familia za Old Moshi, Kibosho na Meru bado zinatafuta, katika makumbusho ya Ujerumani, mabaki ya wazee wao walionyongwa mwaka 1900. Wazee wa Meru na wa Uchaggani wana jambo moja la kufanya bila kungoja Berlin: waketi pamoja Akeri, wataje koo zilizopoteza watu pande zote, na majina hayo yaandikwe bomani.