Sumu iliyoua Banalia haikutoka mkononi mwa jirani

KISANGANI – Mwanzoni mwa Juni 2021, ugonjwa wa ghafla ulianza kuua wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Panga, wilayani Banalia, jimboni Tshopo. Mtu alishikwa na homa kali, kichwa kikamuuma, shingo ikakakamaa. Wengi hawakupona.

Kutoka Kisangani hadi Banalia ni kilomita zipatazo 128 kuelekea kaskazini, hadi ukingoni mwa mto Aruwimi. Hata hivyo, miezi mitatu ilipita kabla ugonjwa huo haujatajwa kwa jina. Tarehe 8 Septemba 2021, serikali ilitangaza kwamba ni homa ya uti wa mgongo, ambayo wengi hapa wanaiita meninjite. Siku hiyo wagonjwa walioshukiwa walikuwa 261, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Ni karibu nusu. Vipimo vya Taasisi ya Pasteur mjini Paris vilithibitisha kwamba chanzo ni bakteria aitwaye meningokoki.

Kwetu kifo cha namna hiyo hakikosi maneno. Mtu alikula vizuri jana, leo anazikwa. Watu huanza kuulizana: alikunywa kwa nani? Aligombana na nani? Mara nyingine swali hilo humfukuza mzee kijijini, au huvunja familia mbili zilizooana. Wanaosema "sumu" hawakosei kabisa, maana sumu ipo. Kosa ni kuitafuta katika kikombe cha jirani.

Historia ya sumu hiyo ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1887, mjini Vienna, mganga Anton Weichselbaum alimtambua bakteria wa meninjite katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa waliokufa. Miaka mitano baadaye, mjini Berlin, mtaalamu mwingine, Richard Pfeiffer, alikuwa akichunguza bakteria wa kipindupindu. Aliona jambo la ajabu: hata bakteria waliokufa waliweza kuua wanyama wa maabara. Akaeleza kwamba baadhi ya bakteria hubeba sumu katika mwili wao wenyewe. Leo inajulikana kwamba sumu hiyo imo katika ganda lao la nje, na meningokoki anayo nyingi.

Bakteria huyo huweza kukaa kooni mwa mtu mzima wa afya bila kumdhuru. Hupita kwa mate: kwa kukohoa, kupiga chafya, kubusiana, au kulala wengi katika chumba kimoja. Akiingia katika damu, huongezeka haraka na kumwaga vipande vya ganda lake. Askari wa mwili huvipiga vita kwa nguvu kupita kiasi, na vita hiyo hugeuka kuwa hatari yenyewe. Mishipa ya damu huanza kuvuja. Nguvu ya damu huanguka. Mikono na miguu hupoa huku mwili ukiwa na homa. Madoa mekundu au ya zambarau hutokea kwenye ngozi, na ukiyabonyeza kwa gilasi hayapotei. Mtu anaweza kufa ndani ya saa 24.

Meningokoki si peke yake. Mwaka 1978, mganga James Todd wa Denver, Marekani, alieleza habari za watoto 7 walioshikwa na homa, upele na kuanguka kwa nguvu ya damu. Huko bakteria alikuwa wa aina nyingine, stafilokoki, na sumu yake ni tofauti. Huyo anaweza kubaki kwenye kidonda kidogo tu, huku sumu yake ikisambaa mwilini kote. Lakini mwisho wake ni uleule: mwili unajiangusha wenyewe, na anayechelewa kutibiwa yuko hatarini kufa.

Tshopo iliwahi kuonywa. Mwaka 2009 meninjite ilishika watu 214 Kisangani, na 15 walikufa. Tangu mwaka 2010, kuanzia Burkina Faso, nchi za Afrika zilianza kutoa chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya aina A ya meningokoki, na aina hiyo ikapungua sana. Ila aliyeua Banalia alikuwa aina W, na chanjo ile haimzuii.

Baada ya tangazo la Septemba, timu na dawa zilipelekwa Banalia, pamoja na chanjo inayokinga aina W. Wagonjwa walitibiwa vituoni na hata nyumbani. Hadi mwisho wa mwaka, walioshukiwa kuugua walikuwa zaidi ya 2,500, na waliokufa zaidi ya 200. Nusu ikashuka hadi kama watu 8 kwa 100. Ni kweli kwamba mwanzoni walihesabiwa zaidi wale waliozidiwa, na baadaye hata wenye dalili ndogo waliandikwa. Lakini pia bakteria alikuwa yuleyule, na sumu ileile. Kilichobadilika ni kwamba watu walijua wanaugua nini, na sindano iliwafikia mapema.

Jambo hili linazihusu sana familia zilizokimbia vita ya Wambole na Walengola tangu mwaka 2023, zikiwemo zilizofikia Lubunga, ng'ambo ya mto. Pale watu wengi wanapolala chumba kimoja, njia ya mate ni fupi. Mtoto mwenye homa anayekataa kunyonya, mtu ambaye shingo haipindi, anayeogopa mwanga, anayesema ovyo, au mwenye madoa yasiyopotea, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Waliolala naye nao waseme, ili wapewe dawa ya kuwakinga.

Maswali kuhusu jirani yanaweza kungoja. Sumu hii haingoji.