Nabii Amosi na Mto Usiokauka

Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitolewa mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, na ile ya muungano mwaka 1952. Vitabu vya manabii si vyepesi kufasiriwa, maana nabii husema kwa mifano ya nchi yake.

Mtazameni Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliyehubiri yapata mwaka 750 kabla ya Kristo. Katika mlango wa 5 ataka haki itiririke kama “nahali”. Neno hilo la Kiebrania ni korongo: hujaa maji wakati wa mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Mfasiri ashikaye neno hilo peke yake atatupa haki ya masika tu. Lakini nabii aliongeza neno “etani”, yaani lisilokoma.

Sisi wa Ifakara twaelewa upesi. Twavijua vijito vifurikavyo masika na kukauka kiangazi. Twaujua na mto Kilombero, ambao hupungua lakini haukatiki. Maskini aletaye shauri barazani mwezi wa Oktoba ataka haki ile ile aliyopewa tajiri mwezi wa Aprili. Basi msomapo nabii, ulizeni kwanza maji ya nchi yake yalikuwaje.