Karatasi ya Karani: Hesabu na Sifa katika Mpira wa Kikapu wa Marekani

Usiku wa tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, watu 4,124 waliuona mchezo ambao timu ya Philadelphia Warriors iliishinda New York Knicks kwa pointi 169 dhidi ya 147. Katika pointi hizo 169, mtu mmoja, Wilt Chamberlain, alifunga 100. Mchezo ulipokwisha, Harvey Pollack, aliyekuwa akiandika hesabu za Philadelphia, alichukua kipande cha karatasi, akaandika juu yake namba 100, akampa mchezaji akishike mbele ya mpiga picha. Mchezo wenyewe haukuonyeshwa katika televisheni. Mbali na sauti ya redio ya robo ya mwisho, karibu yote yajulikanayo juu ya usiku ule yatoka katika hesabu za karani: mitupo 63, iliyoingia 36, mitupo huru 32, iliyoingia 28.

Msimu ule wote ulikuwa wa maajabu kwa mtu apendaye tarakimu. Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa kila mchezo, akapata ribaundi 25.7, yaani mipira iliyokosa kikapu naye akaidaka. Alicheza wastani wa dakika 48.5, ijapokuwa mchezo wa kawaida una dakika 48 tu. Nusu dakika iliyozidi ilitokana na michezo iliyoongezwa muda. Huko Cincinnati, Oscar Robertson alikuwa na wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na pasi za kufunga 11.4. Hata hivyo, wachezaji wa ligi walipopiga kura kumchagua aliye bora kuliko wote, kwani siku hizo kura hiyo ilikuwa mikononi mwao wenyewe, walimchagua Bill Russell wa Boston Celtics, ambaye wastani wake ulikuwa pointi 18.9. Waandishi wa magazeti nao walipopanga kikosi bora cha msimu, walimweka Chamberlain katika nafasi ya kati ya kikosi cha kwanza, na Russell wakamshusha katika kikosi cha pili. Wote walitazama michezo ile ile, na karatasi iliyosomwa ilikuwa moja, lakini hukumu zilikuwa mbili.

Ni rahisi kusema kwamba wachezaji walimwonea Chamberlain wivu, na wapo waliosema hivyo. Lakini kabla ya kukubali maneno hayo yafaa kuitazama karatasi yenyewe na kuuliza ilikuwa na nini ndani yake. Mwaka 1962 ligi iliandika dakika, mitupo iliyorushwa na iliyoingia, mitupo huru, ribaundi, pasi za kufunga na makosa. Haikuandika mtupo uliozuiwa angani, wala mpira ulioporwa. Hesabu hizo mbili ziliingia rasmi katika msimu wa 1973–74. Mpira uliopotezwa na mchezaji mmoja mmoja ulianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1977–78. Russell aliacha kucheza mwaka 1969. Kwa hiyo kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, ya kuuzuia mtupo wa adui na kuupeleka mpira kwa mwenziwe badala ya kuupiga nje ya uwanja, haina hata tarakimu moja rasmi. Makarani wachache, Pollack akiwa miongoni mwao, waliandika mambo kama haya kwa hiari yao, bila kuamriwa na mtu. Wachezaji, ambao ndio waliozuiwa, hawakuhitaji karatasi kuwaambia.

Kasoro ya pili ya karatasi ile ilikuwa kubwa zaidi, nayo ni kukosa kipimo. Pointi 50 ni nyingi kwa kulinganishwa na nini? Siku hizo timu zilicheza mbio mbio mno: kila timu ilirusha mitupo ipatayo 108 kwa mchezo, hali timu za leo hurusha karibu na 90. Palipo na mitupo mingi iliyokosa, ribaundi nazo huwa nyingi, wala haifai kuzilinganisha ribaundi 25 za mwaka ule na 12 za leo kana kwamba zimetoka katika kapu moja. Kipimo kifaacho ni zamu ya kumiliki mpira. Kila timu ikiupata mpira hukaa nao mpaka ifunge, au ikose na adui audake, au iupoteze. Kisha zamu ni ya adui. Kwa sababu hiyo timu mbili hupata zamu karibu sawa katika mchezo mmoja, na swali lililobaki ni moja: kila zamu imezaa pointi ngapi?

Yastaajabisha kwamba fikra hiyo ilikuwa jirani kabisa na Chamberlain. Mwaka 1959 Frank McGuire, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alitoa kitabu juu ya ulinzi, na ndani yake msaidizi wake Dean Smith alieleza namna ya kuipima timu kwa zamu za kumiliki mpira. Katika msimu wa 1961–62 McGuire huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha wa Philadelphia Warriors. Lakini fikra ile ilikaa kwa makocha wachache, umma ukaendelea kusoma wastani wa pointi. Hata mwaka 2004 Dean Oliver alipotoa kitabu chake juu ya hesabu za mpira wa kikapu, wengi waliipokea hesabu ya zamu kama jambo jipya. Oliver aliyapanga mambo manne yanayoamua ushindi: ubora wa mitupo, uchache wa mipira inayopotezwa, ribaundi za upande wa kushambulia, na kuipata mitupo huru, naye aliupa ubora wa mitupo uzito wa kwanza.

Kwa kipimo hiki Chamberlain hapungui, na hapo wapinzani wake wapaswa kuwa waangalifu. Katika michezo 80 alirusha mitupo 3,159 na mitupo huru 1,363, akapata pointi 4,029. Ikiwa kila mtupo huru utahesabiwa kuwa sehemu 0.44 ya nafasi, kama ilivyo desturi ya wanahesabu leo, basi kila nafasi aliyoitumia ilizaa pointi 1.07, na wastani wa ligi ulikuwa chini kidogo ya pointi 1. Hakuwa mtu wa kupoteza mitupo ovyo. Lakini Philadelphia ilishinda michezo 49 na kushindwa 31. Boston ilishinda 60 na kushindwa 20. Tofauti ya pointi kati ya zilizofungwa na zilizofungiwa, ambayo katikati ya msimu aghalabu hutabiri mwisho wake kuliko orodha ya ushindi yenyewe, ilizidi 9 kwa mchezo upande wa Boston, na upande wa Philadelphia haikufika 3. Makadirio yaliyofanywa baadaye yaonyesha kwamba nguvu ya Boston ilikuwa katika ulinzi. Katika baadhi ya misimu ile ushambuliaji wake ulikuwa miongoni mwa ulio dhaifu katika ligi. Timu hizo mbili zilipokutana katika mtoano wa 1962 zilifika mchezo wa saba. Chamberlain alifunga pointi 22, na Boston ikashinda 109 kwa 107 kwa mtupo wa Sam Jones zikiwa zimebaki sekunde chache.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kuongeza safu katika karatasi humaliza ubishi. Mitupo iliyozuiwa sasa huandikwa kila mahali, nayo ina hatari zake. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, katika msimu wa 2008–09 alizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa mchezo katika timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Katika NBA hakupata zaidi ya wastani wa pointi 2.2, na mitupo aliyozuia haikufika 1 kwa mchezo. Si haki kusema kwamba hesabu za chuo zilidanganya. Zilieleza kweli tupu kuhusu kijana mrefu mbele ya vijana wa chuo. Waliozisoma ndio waliotaka ziwaambie habari za watu wengine na mwendo mwingine. Tena yafaa kukumbukwa kwamba alipewa dakika kama 10 tu kwa mchezo, na wastani wa kila mchezo hausemi hayo mpaka uulizwe.

Chamberlain naye aliishi kuyajibu maneno ya watu. Mwaka 1966–67, akiwa sasa na Philadelphia 76ers chini ya kocha Alex Hannum, alipunguza mitupo yake kutoka 39.5 kwa mchezo hadi 14.2, na kwa kila 100 aliyorusha 68 iliingia. Pasi zake za kufunga zilipanda kutoka 2.4 hadi 7.8. Pointi zake zilishuka zikawa 24.1, chini ya nusu ya zile za 1962. Timu ilishinda michezo 68, ikashindwa 13, ikaitoa Boston iliyokuwa imetwaa ubingwa mara 8 mfululizo, kisha ikatwaa ubingwa wenyewe. Msimu uliofuata aliongoza ligi nzima kwa jumla ya pasi za kufunga, 702, jambo lisilo la kawaida kwa mchezaji wa kati.

Katika mtoano wa 1968 Philadelphia iliiongoza Boston kwa michezo 3 dhidi ya 1. Boston, ambayo sasa Russell alikuwa mchezaji wake na kocha wake, ilishinda mitatu iliyobaki, wa mwisho kwa pointi 100 dhidi ya 96. Hesabu za mchezo huo zaonyesha kwamba katika nusu ya pili Chamberlain alirusha mitupo 2 tu. Hazionyeshi ni nani aliyepaswa kumpa mpira.