Sindano ya Miezi Mitatu na Hesabu ya Miaka Mingi

Kule Umatengoni, katika milima ya Mbinga, mwanamke huchimba ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua, mgongo wake ukiwa umeinama tangu asubuhi. Huko chini katika mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli, mwenzake hubeba maji, kuni na mihogo. Siku zake zinapofika, tumbo likamkamata hata asiweze kusimama, huambiwa ni chango, ni kazi nyingi, au avumilie tu, akizaa litapoa.

Lakini baadhi ya akina mama hawa wana ugonjwa wenye jina lake: endometriosisi. Nyama laini inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, na kusababisha uvimbe na maumivu makali. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu humpata mwanamke mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Dawa ya kuung'oa kabisa haijapatikana. Zilizopo hutuliza maumivu, na mojawapo si ngeni kwetu. Ni ile sindano ya miezi mitatu, Depo-Provera. Huku kwetu tuliizoea kama dawa ya uzazi wa majira. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba sindano ndiyo njia ya kisasa iliyotumiwa zaidi na wanawake walioolewa nchini Tanzania.

Mtu anayeumwa kila mwezi hatumii dawa wiki moja akaacha. Huitumia miaka. Basi swali la kujiuliza ni hili: usalama wa dawa ya miaka mingi hupimwaje?

Historia ya sindano hii inatufundisha. Mwanzoni ilijaribiwa kwa mbwa, na baadhi yao wakaota uvimbe wa matiti. Mwaka 1978 Marekani ilikataa isitumike kupanga uzazi. Mwaka 1981 Zimbabwe nayo iliipiga marufuku. Wengi Afrika waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, iweje dawa iliyokataliwa kwa wenyewe iletwe kwetu?

Jibu halikutoka kwa mbwa. Lilitoka kwa wanawake wa Kenya, Meksiko na Thailand, waliohojiwa katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1991 yalionyesha kwamba kuitumia muda mrefu hakukuongeza kwa jumla hatari ya saratani ya matiti. Mwaka uliofuata Marekani ikairuhusu.

Je, hesabu ilikwisha? La hasha. Mwaka 2004 Marekani iliweka onyo kali kwenye pakiti yake: sindano hupunguza uzito wa mifupa, na kadiri miaka inavyozidi ndivyo upungufu unavyozidi. Ikashauriwa isitumike zaidi ya miaka miwili, ila pale njia nyingine zisipofaa. Mwaka 2005 aina yake ya kuchoma chini ya ngozi iliruhusiwa rasmi kwa maumivu ya endometriosisi. Majaribio yaliyotangulia yaliwapa akina mama dawa kwa miezi 6, kisha wakafuatiliwa miezi 12. Muda huo ulitosha kujua kama maumivu yanapungua. Kwa miaka 10 ya matumizi, haukutosha.

Kisha, mwaka 2024, watafiti wa Ufaransa walichapisha jambo jipya. Walichunguza kumbukumbu za wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa uvimbe wa utando wa ubongo. Wakaona kwamba waliotumia sindano hii zaidi ya mwaka mmoja walikuwa na hatari ya uvimbe huo mara tano na zaidi ya wasioitumia. Uvimbe wenyewe ni nadra, kwa hiyo asitokee mtu wa kuwatisha akina mama. Lakini dawa hii ilikuwa imetumika duniani kwa miongo mingi kabla ya hesabu hiyo kufanyika.

Na hapa ndipo penye fundisho. Ufaransa sindano hii hutumika kwa nadra mno. Afrika inatumika kwa wingi. Jibu lilipatikana kule kwa sababu kumbukumbu za bima yao huunganisha dawa aliyopewa mtu na upasuaji aliofanyiwa baadaye. Wetu ndio wengi, lakini kadi ya kliniki ikibaki Liuli na mgonjwa akapelekwa Peramiho au Dar es Salaam, nani atakayeunganisha mambo hayo mawili?

Tanzania ilijiunga na mpango wa dunia wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993. Mlango upo, hapana budi tuutumie. Mganga wa zahanati, mama akikueleza jambo usilolitegemea, liandike na ulipeleke. Nawe mama, usiache dawa kwa kusikia maneno ya mtaani. Muulize daktari, na kadi yako itunze kama unavyotunza hati ya shamba. Umetumia sindano ngapi, tangu mwaka gani, ni ushahidi ambao hakuna maabara iliyo nao.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Afya nayo ni mali.